Ngumbaru ya Chuo Kikuu: Kuisaka Shahada ya Uzamifu Ukubwani

Mhariri, ambaye darasani ni mwanafunzi wangu lakini katika kurasa hizi ni bosi wangu, ameniomba nieleze jambo ambalo limezungumzwa sana mabwenini na hata katika jumba la maankuli. Imekuwaje mlezi wa Chama cha Kiswahili, mtu wa miaka 49, aonekane kila mara akiingia matatu ya kwenda mjini na mkoba wa vitabu mgongoni? Wengine mmesema Mwalimu anasoma ngumbaru. Waama, hamjakosea sana. Ngumbaru ni ngumbaru, ila yangu iko chuo kikuu.

Maswali niliyoulizwa ni mengi, lakini ukiyapepeta yanabaki manne. Uzamifu ni nini hasa? Mtu husoma nini miaka yote hiyo? Kwa nini mtu ambaye amekwisha kuajiriwa, tena ana watoto, ajitwike mzigo kama huo? Na je, faida iko wapi? Nitayajibu moja baada ya jingine.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Kenya, mtu akihitimu chuo kikuu mara ya kwanza hupata shahada ya kwanza. Akiendelea, hupata shahada ya uzamili. Juu kabisa kuna shahada ya uzamifu. Wenzetu wa Tanzania huandika uzamivu. Mimi nikilisikia neno hili husikia ndani yake kitenzi zama. Mwenye shahada ya kwanza ni kama mtu anayeogelea ziwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ili alijue kwa jumla. Wa uzamifu huchagua mahali pamoja tu, akazama mpaka aguse matope, na anapoibuka hutakiwa awe na kitu mkononi ambacho hakuna mwingine aliyekileta juu kabla yake. Hapo ndipo penye tofauti. Katika mitihani yenu, jibu linajulikana na mtahini analo tayari. Katika uzamifu hakuna mwenye jibu, hata msimamizi wako hana. Ndiyo maana inachukua miaka.

Anayefuzu huitwa Daktari wa Falsafa, na hapo ndipo vichekesho huanza. Shemeji yangu mmoja aliposikia habari hizi alinionyesha goti lake lililovimba akasema, "Shemeji, si wewe ni daktari sasa? Hebu niangalie hapa." Nilimwambia aende zahanati. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Neno hili lilitoka katika Kilatini, katika kitenzi docere, maana yake kufundisha. Kwa hivyo daktari wa kwanza kabisa hakuwa mwenye sindano, alikuwa mwalimu. Sisi wenye chaki hatujamnyang'anya mtu jina lake.

Sasa, mtu husoma nini? Hebu nitoe mfano wa utafiti wangu mwenyewe, maana nyinyi ndio mlionipa swali. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za kidato cha kwanza. Mwanafunzi huandika "kitabu yangu imepotea" badala ya "kitabu changu kimepotea". Huandika "vitu zangu" badala ya "vitu vyangu". Kalamu nyekundu hupita, alama hukatwa, na insha inayofuata ni yale yale. Lakini ukiyakusanya makosa hayo pamoja utaona kwamba hayatokei ovyo ovyo. Vitu visivyo na uhai vinakimbilia ngeli ya I-ZI, ile ya "nyumba yangu, nyumba zangu". Kiswahili kinachozungumzwa mitaani Nairobi na katika miji mingine ya bara kimezifinya ngeli nyingi zikawa chache, na kina utaratibu wake. Hayo wanaisimu waliyaeleza kabla yangu. Swali langu ni dogo zaidi: mwanafunzi anapoandika insha, ni wakati gani anaikumbuka ngeli sanifu, na ni wakati gani inamponyoka? Ni sentensi ikiwa ndefu? Ni kivumishi kikiwa mbali na nomino yake? Ama ni pale anaponukuu mtu akizungumza?

Swali dogo, eti? Lakini kabla ya kuruhusiwa kulifuata, mtu huandika pendekezo la utafiti. Ni maandishi ya kurasa nyingi yanayoeleza unataka kujua nini, nani ameandika nini kuhusu jambo hilo, pengo liko wapi, na utalizibaje. Langu lilirudishwa mara tano. Kila liliporudi lilikuwa na maandishi ya kalamu pembeni: "Nani alisema?" "Umejuaje?" Neno hilo, umejuaje, ndilo uzamifu wenyewe. Nilikuwa nimeandika kwamba wanafunzi wa mjini huchanganya ngeli kuliko wa mashambani. Kila mwalimu wa Kiswahili katika chumba chetu angekubali. Msimamizi hakukubali. Alitaka ushahidi, na kama hakuna, basi sentensi hiyo iondoke.

Pendekezo likishapita mbele ya jopo la idara na la kitivo, kuna vibali. Utafiti hapa nchini huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2013. Baada ya hapo nilikwenda kwa walimu wakuu wa shule sita, kisha kwa wazazi, kisha kwa wanafunzi wenyewe. Mtoto wa chini ya miaka 18 hafanyiwi utafiti kwa idhini ya mzazi peke yake, naye pia huulizwa kama anakubali. Kila insha ilipewa nambari, majina yakafichwa. Mkitaka kujua kwa nini sikutumia insha zenu, sababu ni hiyo hiyo ya idhini. Mwanafunzi wangu atawezaje kunikatalia mimi ninayempa alama? Idhini ya mtu anayekuogopa si idhini.

Palikuwa na jambo moja lililonikosesha usingizi. Kidato cha kwanza cha mwaka wa 2024 kilikuwa cha mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Mwaka wa 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza nchini, na Januari 2026 walioingia shule za upili walikuwa Gredi ya 10. Kwa hivyo insha nilizozihitaji zilikuwa na mwaka mmoja tu wa kupatikana. Na mwaka huo ndio mafuriko yalifanya kufunguliwa kwa muhula wa pili kuahirishwe hadi katikati ya Mei. Shule zilipofunguliwa, barabara ya kwenda katika shule zangu mbili ilikuwa imekatika. Nilikwenda kwa pikipiki mpaka ilipoishia, nikavua viatu, nikaendelea kwa miguu na karatasi zikiwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Sisemi haya ili mnionee huruma. Nasema ili mjue kwamba utafiti haufanywi kitini pekee. Ukisoma katika kitabu kwamba "data ilikusanywa katika shule sita", ujue kuna mtu alitembea.

Data ikishapatikana huchanganuliwa, kisha huandikwa tasnifu, kitabu kizima chenye sura kadhaa. Kanuni ambazo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilizitoa mwaka wa 2014 zilitaka pia mwanafunzi wa uzamifu achapishe makala mawili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Mwisho, tasnifu husomwa na watahini, mmoja wao akitoka nje ya chuo, halafu mwenyewe huitwa kuitetea mbele ya jopo. Huko hakuna kuchagua jibu A, B, C au D. Husimama wewe na kazi yako. Kwa kawaida muda wa chini kabisa ni miaka 3, lakini walio wengi hupitisha, hasa wale wanaofundisha mchana na kusoma usiku.

Hapo tumefika penye kiini cha maswali yenu, yaani umri. Kusoma ukubwani kuna mambo yake. Macho yamechoka, na maandishi madogo yanataka miwani. Ukisoma ukurasa saa nne za usiku, asubuhi umebaki na nusu yake. Mimi huamka saa kumi za alfajiri, nikapika chai ya mkandaa, nikasoma hadi saa kumi na mbili, kabla jikoni hakujaanza kuitwa "Mama! Mama!" Katika kundi letu kuna kijana wa miaka 27 ambaye hupanga marejeleo yake kwa programu ya tarakilishi huku akila njugu. Ndiye aliyenifundisha. Nami nilimfundisha jinsi ya kuzungumza na mwalimu mkuu ili asifungiwe mlango, maana alikuwa akiingia ofisini na kuomba kibali kabla hajamaliza kusalimu.

Msimamizi wangu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Watu huniuliza kama sioni haya. Haya ya nini? Yeye huniita Mwalimu, nami humwita Daktari, na kila mmoja humwamkia mwenzake kwa heshima zake. Kwenye umri mimi ni mkubwa, kwenye nadharia yeye ni mkubwa, na tukikutana tunazungumza nadharia. Kuuliza si ujinga, na kumuuliza mdogo wako pia si ujinga.

Umri una faida zake vilevile. Mtu mzima huja na swali ambalo ameishi nalo. Amezoea kungoja, maana amelea watoto, na mtoto hawi mkubwa kwa siku moja. Tena hapotezi wakati kutaka kumpendeza kila mtu. Pendekezo likirudishwa, kijana anaweza kulia siku mbili. Mimi niliporudishiwa langu mara ya tatu nilikuwa na daftari 48 za kusahihisha na mtoto mwenye homa, kwa hivyo kulia hakukuwa kwenye ratiba.

Mzigo mkubwa zaidi ni pesa. Karo hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini ya uzamifu ni mambo ya laki, si elfu. Ongeza nauli, uchapishaji, na mtandao. Wengi wetu walimu huchukua mkopo katika chama cha ushirika, na hati ya mshahara ikija unaona yaliyokatwa ni mengi kuliko yaliyobaki. Mwaka wa 2024 kifungua mimba wetu, Neema, alipata nafasi ya chuo kikuu. Tukawa wanafunzi wawili wa chuo nyumba moja, na mshahara ni ule ule. Tuliketi mezani usiku mmoja, mimi, baba yake na yeye. Baba Neema alikuwa amepiga hesabu kwenye karatasi, upande huu na upande ule, na haikuwa inaingiana.

Neema akasema, "Mama, wewe umekaribia kumaliza. Mimi naweza kungoja mwaka mmoja."

Nikamwambia, "La, mwanangu. Katika nyumba hii anayejua kungoja ni mimi."

Nikaandika barua chuoni kuahirisha masomo mwaka mzima, jambo ambalo kanuni zinaruhusu. Neema akaenda. Mwaka huo sikuandika hata ukurasa mmoja wa tasnifu, lakini insha zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, na kila Jumapili jioni nilisoma kumi, nikatia alama kila ngeli kwa penseli. Niliporejea mnamo Septemba 2025, kazi ya kuainisha ilikuwa imekwisha. Sasa msimamizi amezikubali sura tatu kati ya sita.

Kwa nini basi? Nitawajibu bila kuzunguka. Wapo wanaosomea uzamifu kwa sababu ya kazi. Mhadhiri wa chuo kikuu anauhitaji kama nyinyi mnavyohitaji cheti cha KCSE, na hizo kanuni za 2014 ziliwasukuma wahadhiri wengi kurudi darasani wakiwa na mvi. Wapo wanaotaka cheo, au jina lisomwe "Dkt." kwenye kadi ya mwaliko wa harusi. Kwa mwalimu wa shule ya upili kama mimi hesabu ni tofauti. Hakuna anayeningoja na nyongeza ya mshahara siku ile nitakayovaa joho. Utumishi wa umma hustaafu miaka 60. Nikimaliza nikiwa na miaka 51, nitabaki na miaka 9 darasani. Jirani mmoja aliniambia kwamba ninanunua ng'ombe ambaye hatakamwa.

Mimi nimerudi kwa sababu ya swali. Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Mimi ni zao la mfumo huo, nilifanya KCSE mwaka wa 1994. Miaka yote hii tumekuwa tukikata alama za ngeli bila kujua vizuri kwa nini mtoto anayezungumza Kiswahili tangu azaliwe anaanguka Kiswahili. Tukijua ni wapi hasa ngeli inamponyoka, tutafundisha hapo badala ya kumkaririsha M-WA, KI-VI mwaka mzima. Nikilijibu hata robo ya swali hilo, miaka 9 inatosha kulitumia.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya nyumbani. Mama yangu ana miaka 81. Hakupata kuingia darasani, kwa kuwa enzi zao karo ilitosha kumsomesha mtoto mmoja, na huyo alikuwa mjomba. Kila nikienda nyumbani hunishika mkono na kuniuliza, "Bado hawajakupa ile nguo?" Anamaanisha joho. Nami humjibu, "Bado, Mama, lakini iko karibu." Yeye hasemi zaidi, lakini huhesabu, na mimi pia huhesabu.

Msije mkadhani mwalimu wenu ni wa ajabu. Historia imejaa watu waliosoma saa isiyotarajiwa. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka wa 2003. William Ruto alipata uzamifu wake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2018, akiwa Naibu wa Rais na mwenye zaidi ya miaka 50, kwa utafiti kuhusu mazingira ya eneo la kinamasi cha Saiwa. Huko Uingereza, mpiga gitaa wa kundi la Queen, Brian May, aliacha utafiti wake wa astronomia miaka ya sabini ili apige muziki, akarudi na kuukamilisha mwaka wa 2007 akiwa na miaka 60. Lakini tusiwasahau waliowahi mapema. Wangari Maathai alipata uzamifu wake mwaka wa 1971 akiwa na miaka 31, mwanamke wa kwanza kuupata katika Afrika Mashariki na Kati, na ukamfungulia njia ya kufanya mengine mengi.

Ndiyo maana sitawadanganya kwamba kuchelewa ni sawa na kuwahi. Si sawa. Anayesoma akiwa na miaka 28 hulipa karo tu. Anayesoma akiwa na miaka 49 hulipa karo, na usingizi, na Jumamosi za watoto wake. Lakini kuchelewa si kukosa. Mlango haukufungwa, ila kizingiti kimeinuka kidogo.

Je, inamfaa kila mtu? Hapana. Kama ni jina tu unalolitaka, utachoka mwaka wa pili. Kama familia haijakubali, zungumza nayo kwanza kabla hujalipa hata shilingi. Na kama huna swali, ngoja mpaka ulipate.

Kabla sijatia nanga, nina mawaidha matatu kwenu. Kwanza, wekeni madaftari yenu. Msiyachome siku ya mwisho wa mtihani kama walivyofanya watangulizi wenu. Pili, jizoezeni lile neno umejuaje. Mtu akikwambia kabila fulani ni wavivu, au kijiji fulani kina uchawi, muulize kwa adabu, "Umejuaje?" Hata mimi mniulize darasani. Tatu, wapo kati yenu ambao baba, mama, au shangazi amerudi shule, iwe ni kisomo cha watu wazima, iwe ni cheti cha ushonaji, iwe ni uzamifu. Msimcheke. Oshe vyombo kabla hajaomba, na ukimwona amesinzia juu ya kitabu, mtilie chai.

Kwa sasa insha zenu zinaningoja mezani. Mtakaoandika "kitabu yangu", nitakata alama kama kawaida, maana mtihani ni mtihani. Lakini baada ya hapo nitawaita tuketi, tutazame pamoja ni wapi ilipowaponyoka.